Aristotle anasema tabia yako umeichonga mwenyewe. Je, aliyelelewa vibaya naye alaumiwe?

#1 Fundi Randa

Habari za jioni wakuu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Morogoro, na mwaka huu ni wa kumi na nne napokea vijana wa kujifunza kazi. Nina swali, naomba mnisaidie kwa moyo.

Mwaka jana nilimwondoa kijana mmoja. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wote waliopita kwangu; akisukuma randa unasikia sauti moja tu mpaka ubao unaisha. Ila alikuwa mwongo, hata pale ambapo ukweli usingemgharimu chochote. Unamuuliza gundi umepaka lini, anasema jana mchana, kumbe ni asubuhi hiyo hiyo. Kiti kikatoka, kiungo kikaachia, mzee wa watu akaanguka nacho. Nikamwambia kijana asirudi tena. Akiwa anafunga begi lake akaniambia, "Fundi, kwetu ukisema kweli ndipo unapigwa. Nimezoea."

Maneno hayo hayajanitoka. Binti yangu anasoma chuo, akaniachia kitabu cha maadili cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kile kinachobeba jina la Nicomachus. Nimekisoma usiku kwa usiku, na sehemu ya pili na ya tatu nimezirudia.

Sehemu ya pili ilinifurahisha kwa sababu inazungumza lugha ya karakana. Anasema fadhila hatuzaliwi nazo. Tumeumbwa tuweze kuzipokea, na mazoea ndiyo yanayozikamilisha. Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu. Tena anaongeza kwamba kwa kujenga huko huko wengine wanakuwa wajenzi wabaya. Mwalimu yeyote wa ufundi anajua hilo ni kweli tupu. Halafu anasema kuzoeshwa hivi au vile tangu utotoni si jambo dogo, ni kubwa sana, bali ndilo lote.

Sasa sehemu ya tatu, sura ya tano, anageuka: uovu uko mikononi mwetu kama ulivyo wema, na mtu analaumiwa hata kwa jinsi alivyo. Hapo ndipo niliposhindwa. Kama malezi ndiyo yote, na malezi sikujichagulia, patasi ilikuwa mkononi mwa nani?

#2 nyuki_dume

Nimekaa mstari wa mbele, karanga ninazo. Tusubiri wenye vitabu.

#3 Kasuku Mweupe

Mkuu Fundi, hukukosea. Jibu Aristotle alishalitoa: sisi ni kile tunachokirudia kila siku, ubora si tendo bali ni mazoea. Kijana alirudia uongo, akawa mwongo. Na kuhusu kumbadilisha, kasema pia kwamba jiwe hata ulirushe juu mara elfu kumi halitajifunza kupaa. Ulikuwa unarusha jiwe.

#4 Mwalimu wa Zamu

Kasuku, kwa heshima zote, hapo kuna makosa mawili.

Huo msemo si wa Aristotle. Aliuandika Will Durant, Mmarekani, kwenye kitabu chake cha mwaka 1926 akieleza mawazo ya Aristotle kwa maneno yake mwenyewe. Watu wakaondoa jina la Durant wakabandika la Aristotle, na sasa umejaa kwenye vikombe na fulana.

La pili ndilo kubwa. Jiwe umeligeuza kichwa chini. Aristotle analitaja jiwe, na moto usiofundishika kuwaka kuelekea chini, ili aseme kwamba SISI HATUKO HIVYO. Kilicho cha maumbile hakibadiliki kwa mazoea. Tabia inabadilika kwa mazoea. Kwa hiyo tabia si ya maumbile. Ukimwita kijana jiwe umekwenda kinyume na hoja yenyewe.

Liko jiwe la pili, katika sura ile iliyomsumbua Fundi, nahisi ndilo ulilokuwa unalitafuta. Ukishalirusha huwezi kulirudisha mkononi, lakini kulirusha kulikuwa juu yako. Mwovu naye ni hivyo hivyo: mwanzoni aliweza kutokuwa mwovu, akishakuwa hawezi tena kuacha kwa kutamani tu.

#5 Kasuku Mweupe

Nimepokea yote mawili, mwalimu. Huo msemo niliuweka hadi kwenye kadi ya mahafali ya mdogo wangu.

#6 Bahari Kuu

Mnaanza katikati ya safari. Swali la Fundi ni la zamani kuliko Aristotle, aliyezaliwa 384 KK, wakati Socrates alikwisha kunyweshwa sumu mwaka 399 KK. Yale mazungumzo ya Plato, mwanafunzi wa Socrates, yanayoitwa Meno yanaanza nalo bila hata salamu: niambie Socrates, fadhila hufundishwa, au hupatikana kwa mazoezi, au mtu huzaliwa nayo?

Msimamo wa Socrates mnaujua, hakuna akoseaye kwa kutaka. Anayetenda baya amelidhania ni zuri kwake. Kijana wa Fundi hakuchagua uongo, alichagua kutopigwa. Kosa lake ni la kutojua: alidhani karakana ni nyumbani kwao. Kwa Socrates dawa yake ingekuwa kuelimishwa, na lawama hapo haina kazi.

Na kuhusu malezi kuwa ndiyo yote, humo humo kwenye Meno kuna mfano unaouma. Themistocles, aliyewaokoa Wagiriki katika vita vya Salamis, alimfundisha mwanawe Cleophantus kupanda farasi hadi akawa anasimama wima mgongoni mwa farasi na kurusha mkuki. Lakini hakuna aliyewahi kusema kijana huyo alikuwa mwema na mwenye hekima kama baba yake. Pericles naye, kiongozi wa Athens, watoto wake hawakumfikia. Kama malezi ni yote, wale walikosa nini?

#7 Nesi wa Usiku

Naandika nikiwa zamu, mnisamehe nikikatika.

Aristotle kwenye hiyo sura ana mfano wa mgonjwa aliyeugua kwa kuishi hovyo na kutowasikiliza matabibu. Anasema zamani aliweza kutougua, sasa ameshaitupa nafasi yake. Nilipousoma niliufunga ukurasa. Kila wiki napokea watu wa kisukari ambao kwenye faili wameandikwa "hafuati masharti". Mmoja nilimuuliza kwa upole mama umekula nini, akaniambia nimekula kilichokuwepo. Masharti yetu yanataka mboga, samaki, milo midogo midogo. Kwake kulikuwa na ugali.

Kwa hiyo mimi mtu akiniambia "ilikuwa juu yake" nauliza kwanza, nini kilikuwa mezani?

#8 nyuki_dume

Ngoja niwape kisa. Zeno, yule wa Citium aliyeanzisha Ustoa, shule ya falsafa ya Kigiriki, alimkamata mtumwa wake akiiba, akamchapa. Mtumwa kwa kuwa kamsikia bwana wake akifundisha habari za majaaliwa akasema, "Nilijaaliwa kuiba." Zeno akamjibu, "Na kuchapwa pia."

Fundi, kijana alijaaliwa uongo, wewe ulijaaliwa kumfukuza. Uzi ufungwe.

#9 Mwalimu wa Zamu

Haufungwi bwana nyuki. Kisa hicho anacho Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baada ya Zeno, kwa hiyo kipokee kama visa vya watu wakubwa vinavyopokewa. Wastoa wenyewe walijua hakitoshi, maana ni jibu la mwenye fimbo.

Jibu lao zito lilitoka kwa Chrysippus. Alitoa mfano wa gogo la mviringo. Ukilisukuma kwenye mteremko, mwanzo wa mwendo umetoka kwako. Ila linaendelea kubingirika kwa sababu ya umbo lake. Sukuma pia, ile wanayochezea watoto, kwa mkono ule ule, itajizungusha kivyake kwa kuwa umbo lake ni la pia. Mambo ya nje yanatusukuma sote, na namna tunavyokwenda ni ya kwetu. Ndiyo maana watu wawili wakitishwa kipigo kile kile, mmoja husema uongo na mwingine hunyamaza.

#10 Fundi Randa

Mwalimu, mfano huo umenigusa mahali pangu pa kazi, kwa hiyo niruhusu nibishe. Gogo haliwi mviringo lenyewe. Mimi nina mashine ya kukereza. Mti unakuja na vinundu, na nyuzi zake zimepinda kule ulikoegemea, na mimi naukereza mpaka unabingirika. Sasa huyo Chrysippus ananiambia linabingirika kwa umbo lake, sawa, lakini umbo nimelitia mimi! Swali langu liko pale pale, limesogea hatua moja nyuma tu.

Nesi, nimekusoma mara mbili. Asante sana.

#11 Kasuku Mweupe

Fundi kwa kuwa umetaja mashine, kitanda cha mninga futi sita kwa sita unafanyaje bei?

#12 Fundi Randa

Njoo faragha mkuu, tusichafue uzi wangu mwenyewe.

#13 Maalim wa Darajani

Assalaam alaykum. Nina neno moja juu ya neno moja.

Sisi tunasema "tabia". Asili yake ni Kiarabu, *tabia* ya huko ni maumbile, kile ulichopigwa nacho chapa ulipoumbwa. Ilipofika kwetu ikabeba mawili kwa pamoja: tunasema tabia ya maji ni kutafuta bonde, na tunasema mtoto huyu amefunzwa tabia njema. Yaani neno letu moja limemeza pande zote mbili za ubishi wa Wagiriki. Na wao walikuwa na mchezo kama huo. Neno lao la tabia na neno lao la mazoea yanakaribia kuwa moja, *êthos* na *ethos*, tofauti ni kurefusha tu irabu ya kwanza, na Aristotle mwenyewe anaiashiria nasaba hiyo mwanzoni mwa sehemu ya pili.

Kitabu hicho cha Nicomachus kilifasiriwa kwa Kiarabu zamani sana, na wanazuoni wakakishughulikia. Miskawayh, aliyefariki 1030, alisema khulka ya mtu ni hali ya nafsi inayomsukuma kutenda bila kufikiri, kisha akaigawa: iko ya asili ya mwili, kama mtu wa hasira za karibu, na iko ya mazoea, ambayo huenda ilianza kwa kufikiri na kuchagua, ikaendelea mpaka ikawa hali ya kudumu. Uongo wa huyo kijana ni wa fungu la pili. Ulianza kwa hesabu, "nikisema kweli nitapigwa", kisha hesabu ikasahaulika, ukabaki ulimi. Ndiyo maana alidanganya hata pasipo na hatari.

#14 Bahari Kuu

Maalim umenifungua macho. Ila basi mwanzo wake ulikuwa hesabu ya mtoto wa miaka mitano. Hiyo nayo ni hiari?

#15 Mama Wawili

Niseme linalonikera, maana naona wote mnamzunguka Aristotle kwa adabu.

Mapema kabisa, sehemu ya kwanza, anasema anayetaka kusikiliza vizuri habari za mema na haki sharti awe amelelewa katika mazoea mema. Kwa hiyo darasa lake pale Lyceum, shule yake ya Athens, lilikuwa la wanaume huru waliolelewa vyema. Aliwaambia WAO kwamba tabia zenu ni jukumu lenu, na kwa wao naona ni haki. Mtumwa hakuwemo, mwanamke hakuwemo, na kijana wa Fundi angezuiwa mlangoni. Halafu sisi tunachukua lawama iliyokatwa kwa kipimo cha mtoto wa tajiri tunamvisha mtoto aliyekua kwa kipigo. Haimwenei.

Nimelea wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa marehemu dada yangu aliyekuja kwangu na miaka tisa. Huyu wa pili alikuwa anaficha chakula chini ya godoro. Mwaka mzima. Sikumlaumu hata siku moja. Niliacha mkate mezani usiku na mchana, mpaka mwenyewe akaacha kuficha.

#16 Mto Ruzizi

Mimi niko Bukavu, nawasoma tangu mwanzo. Mama Wawili kasema vema, lakini nafikiri sura hiyo mnaisoma kwa swali ambalo si lake.

Sehemu ya tatu inaanza kwa kusema uchunguzi wa hiari na isiyo hiari unawafaa watunga sheria, kwa ajili ya tuzo na adhabu. Kisha anatoa sababu mbili tu za kukutoa kwenye lawama: nguvu ya nje na kutojua. Kati yake anaweka hali za mchanganyiko, kama nahodha anayetupa shehena baharini ili tufani isimzamishe. Hakuna atakaye kutupa mali, ila pale amechagua. Mtoto anayedanganya asipigwe ni huyo nahodha kabisa. Na kwenye hali hizo Aristotle hasemi lawama tu, anasema mtu wa namna hiyo hupewa sifa, hulaumiwa au huhurumiwa kulingana na alichokiokoa na alichokivumilia.

Kwa hiyo haulizi tabia ilitoka wapi hadi mwanzo wa dunia. Anauliza nani akiambiwa "acha" anaweza kubadilisha kitu. Hatuhimizani tusisikie joto wala njaa, kwa sababu kuhimizana huko hakuna kazi. Lawama kwake ni chombo cha kufundishia, kama fundi anavyomwambia mwanafunzi umekosea.

#17 Mkulima wa Mahenge

Sikutaka kuandika, lakini hiyo "hawezi tena kuacha" ya bandiko la 4 imenichoma.

Nimekunywa miaka kumi na moja. Nimelala mtaroni. Nina miaka sita sijagusa. Kwenye hiyo sura anataja adhabu maradufu kwa mlevi, na mahali pengine anasema aliyeweka sheria hiyo ni Pittacus wa Mytilene: ukikosa ukiwa umelewa unalipa zaidi ya aliyekosa akiwa mzima. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikasirika. Sasa naikubali. Wote walionihurumia walinipa hela ya kununulia. Aliyeniokoa ni mjomba aliyeniambia mbele ya watu, "Hili ni lako, halimhusu baba yako." Baba naye alikuwa mlevi. Nilikuwa nimemfanya baba yangu mlango wa kutokea.

Lakini kusema siwezi kurudi, hapana. Nimerudi.

#18 Mwalimu wa Zamu

Mkulima, hongera, na ulichokisema kinamgusa Aristotle pale pale anapoonekana kujipinga. Katika kitabu chake cha Kategoria, sura ya kumi, anasema mtu mwovu akiingizwa katika mwenendo na maneno mema huenda akasogea, hata kidogo. Na akishasogea hata kidogo tu, inakuwa rahisi zaidi kusogea tena, mpaka huenda akageuka kabisa, kama muda haukumpungukia. Katika kitabu cha maadili anasema huwezi kuacha *kwa kutamani tu*. Mgonjwa haponi kwa kutamani, ila anaweza kupona kwa dawa. Nadhani hayo mawili yanapatana, ingawa wapo wasomaji wanaoona hayapatani.

Na anapokabiliwa na hoja ya Fundi, kwamba kila mtu huona lengo kadiri ya tabia aliyonayo, anajibu kwa tahadhari sana: sisi ni *washiriki* katika kusababisha tabia zetu. Washiriki. Hasemi wamiliki pekee.

#19 Kasuku Mweupe

Basi ni nusu kwa nusu, mzazi na mtoto?

#20 Mama Wawili

Nusu ya nani kwa umri upi, Kasuku? Mtoto wa miaka mitano na wa ishirini hawabebi ndoo moja.

#21 Bahari Kuu

Kabla hamjagawana ndoo nirudi kwa Plato, maana kuna kisa kinachomtisha kila anayetegemea mazoea.

Mwisho wa kitabu chake cha Jamhuri anasimulia habari za Er, askari wa Pamphylia aliyefia vitani akazinduka siku ya kumi na mbili akiwa juu ya kuni za kuchomea maiti. Alisema aliona roho zikichagua maisha ya kurudi nayo duniani, na mtangazaji akizionya: lawama ni ya mwenye kuchagua, Mungu hana lawama. Wa kwanza kuchagua akarukia udikteta mkubwa kuliko wote, bila kutazama kwamba ndani yake ameandikiwa kula watoto wake mwenyewe. Alipoona akajipigapiga kifua, akailaumu bahati, akailaumu miungu, akalaumu kila kitu isipokuwa nafsi yake.

Sasa sikilizeni huyo alikuwa nani. Alikuwa ametoka mbinguni. Maisha yaliyopita aliishi katika mji wenye utaratibu mwema, akawa mwema *kwa mazoea, bila falsafa*. Mazoea yalimfikisha peponi, ila hayakumfundisha kuchagua. Na Plato anasema wengi waliotoka kwenye mateso chini ya ardhi walichagua kwa makini zaidi, kwa kuwa walikuwa wameteseka na kuona wengine wakiteseka.

#22 Maalim wa Darajani

Hapo pazito. Waungwana wa zamani walisema ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Lakini Er anauliza kitendo hicho unakijua sababu yake, au umekikuta tu?

#23 Fundi Randa

Nimewasoma wote, na kila mmoja amenivuta upande wake. Mto Ruzizi, hiyo ya nahodha sikuwa nimeiunganisha na kijana, na ndiyo iliyonikaa. Mkulima, nawe umenishika mkono wa pili, maana nikimwambia kijana "si wewe, ni kwenu" huenda nimempa mlango wa kutokea.

Nimepata namba ya shangazi yake. Sijapiga. Sijui nianze na neno gani.

#24 Nesi wa Usiku

Zamu imeisha, nimerudi. Fundi, samahani, kuna mtu tumemsahau toka bandiko la kwanza. Yule mzee aliyeanguka anaendeleaje?

#25 Fundi Randa

Anatembea na fimbo. Nilimtengenezea kiti kingine kwa mkono wangu, nikampelekea mwenyewe. Kipo barazani kwake, hajakikalia.

Na nilimwambia ni kosa la kijana. Sikumwambia kwamba kila kiti kinachotoka kwangu nakikagua mimi viungo vyote, na kile siku hiyo sikukikagua.

#26 Mkulima wa Mahenge

Anza na huyo mzee basi, fundi. Ya shangazi yafuate baadaye.